Koleo Jipya kwenye Meza Yako

Kagarama, Jumapili baada ya misa

Baba,

Leo nakuambia yote, hata yale ambayo Mama angependa niyaruke.

Mama alitaka kukodisha meza yako ya kazi hapa barazani kwa muuza kava za simu. Nilimwomba aniachie meza hiyo likizo hii. Akakubali kwa sharti: nitengeneze pikipiki moja, na ikirudi na tatizo lilelile, meza inakwenda.

Nilianza na koleo lako, lile la kubania vichwa vya shaba kwenye ncha za waya. Baba, limelegea katikati. Mkono wako ulijua pa kulikandamiza, wangu haujui. Kila nilipobana kisha nikavuta, waya ulitoka mzima, kama mguu kwenye kiatu kikubwa. Nililia kidogo. Halafu mimi na Mama tukaenda madukani kule Biryogo kutafuta jingine.

Muuzaji alitoa koleo kubwa, linang'aa. "Hili ndilo la mafundi, dada." Nikatoa mfukoni nyaya na vichwa nilivyochukua kwenye kopo lako, nikaomba nijaribu. Akacheka, akasema pale wanauza, hawatengenezi. Mama akamtazama tu. Unalijua jicho hilo. Muuzaji akaniruhusu.

Lile kubwa kinywa chake kilikuwa kipana mno kwa nyaya nyembamba za pikipiki. Nilivuta, waya ukatoka. Jingine lilibana vikali hadi likakata nusu ya nyuzi. La tatu lilikuwa dogo, halina mng'ao, ila likianza kubana haliachii mpaka limalize. Masikio ya kichwa cha shaba yalijikunja yakaukumbatia waya vizuri. Mwishoni ilibidi nitumie mikono miwili, lakini nilipovuta, haukutoka. Ndilo tulilonunua.

Mteja wangu alikuwa Kalisa, yule motari anayebeba abiria kwa pikipiki pale Sonatubes, uliyekuwa ukimtania kwamba pikipiki yake ina umri mkubwa kuliko yeye. Taa ya nyuma ilikuwa inawaka ikitaka. Nilibadilisha vichwa vyote viwili, kisha nikampa waya mkononi kama ulivyokuwa ukifanya na kila mteja.

"Vuta," nikamwambia.

"Yaani hata wewe?" Akavuta.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Jana tulimwona Kalisa anapanda njia ya kwetu, Mama akasimama mlangoni, nikadhani meza imekwenda. Kumbe nyuma yake alikuwa na mwenzake, honi ya pikipiki yake imekufa. Taa inawaka, Baba. Mama alichukua kitambaa, akaifuta meza yako, kisha akamwambia mgeni asubiri kidogo, fundi anakuja. Nikageuka nione ni nani anayekuja.

Koleo lako nimelipaka mafuta, nimelitundika mahali pake. Shule ikifunguliwa nitafanya kazi Jumamosi tu, Mama amekubali. Nakuahidi pikipiki haitatoka hapa kabla mwenyewe hajavuta waya kwa mkono wake.

Pumzika vizuri, Baba yangu. Ila nijibu upesi, hata kwa ndoto. Mteja alipokwisha kuvuta na kuridhika, wewe ulikuwa ukivuta tena, polepole, huku unatabasamu. Jana na mimi nilijikuta nafanya hivyo. Ulipovuta hiyo mara ya pili, ulikuwa bado unaujaribu waya, au ulikuwa unafurahi tu kwamba haukutoka?

Binti yako,
Diane