Rameni ya Baridi Mbele ya Wakui

Jumatatu, 6 Mei
Asubuhi nzima wateja wanne tu wa rameni, hizi tambi zetu za supu. Kwa Wakui, mwenye mkahawa kama wetu ng'ambo ya barabara, foleni imefika mpaka duka la chai. Mume wangu Tokuji anasema mambo yakiwa hivi hadi mwisho wa mwezi, tufunge mkahawa. Tufunge! Mkahawa wa baba yangu? Supu yangu haina mpinzani mji mzima wa Fujieda. Jumatano tukipumzika nitaenda kula kwa Wakui, nijionee wanachokikimbilia.

Jumatano, 8 Mei
Nimepanga foleni alfajiri, nyuma ya wavunaji chai wanaokula kabla ya kwenda shambani. Kama kawaida ya mji wetu: bakuli la rameni ya moto kwanza, kisha la baridi. La moto — zuri, sikatai. Langu zuri zaidi. La baridi nimeacha nusu kwa kiburi tu. Wateja wengine wote wameinywa supu yake mpaka tone la mwisho. Kwangu huwa wanaiacha hiyo supu ya baridi.

Wakui, tuliyesoma naye, kaja kuondoa bakuli langu. Akaniambia polepole, "Hisano, kwenye la moto umenizidi, nalijua hilo. Lakini mtu anatoka na ladha ya lile la pili."

Nimenuna njia nzima. Na njia yenyewe ni kuvuka barabara tu.

Alhamisi, 9 Mei
Nimeonja supu yangu ya baridi kama mteja. Tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto! Baba aliiacha hivyo, sikuwahi kuigusa. Nimemwaga sufuria nzima. Tokuji kashika kichwa.

Jumanne, 14 Mei
Nimeipata. Sukari nimepunguza, samaki mkavu nimeongeza, kisha supu ilale kwenye friji. Tokuji anasema ni ileile. Sigara zimemuua ulimi.

Alhamisi, 16 Mei
Naandika jikoni, nimeegemea friji. Wakui yuko kaunta! Leo kwake kumefungwa. Kaja na ndala, kaagiza yote mawili. Wateja wake kadhaa nao wamevuka, na macho yao yote yako kwake. Akiacha supu, wataacha. Nao hawatarudi.

La moto kalimaliza. Nilijua.

La baridi kaonja, kaongeza wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, kaonja tena. Kaweka vijiti chini. Tokuji ananong'ona nitoke nimuulize. Sitoki. Supu ni nzuri — basi mbona nimejificha huku jikoni?

Kalinyanyua kwa mikono miwili, anakunywa. Bakuli limemfunika uso wote.

Bado hajalishusha.