Mgeni Aliyeniita Kaka wa Kwanza

Mdogo wangu Sương,

Mimi ni mzima. Hapa Paris nimepata mchele mzuri, na ninaendelea kufundisha falsafa ya Buddha, ile iliyonifukuzisha nchini.

Jana alikuja mgeni. “Kaka wa Kwanza,” akasema, “Sương kanituma. Vitabu vyako vimeshasamehewa. Rudi bwana, mtu anaogopa kwao?”

Nilijua hukumtuma, nikamfukuza. Kwetu Mekong kifungua mimba huitwa wa Pili ili mashetani wasimtambue, nawe hujawahi kuniita vingine.

Lakini aliacha mezani bangili yako ya jiwe la kijani, ambayo hujaivua tangu usichana wako. Uko wapi, mdogo wangu?

Nanyi mnaoifungua barua hii kabla yake: mwachilieni huru. Nitarudi.

Kaka yake,
Tuyển