Mama na Redio ya Pikapu

Escanaba, Jumapili

Dada yangu mpendwa Marlys,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, na theluji imeanza kuyeyuka. Wewe na mtoto hamjambo? Analala, au hakupi usingizi?

Najua una hasira. Uliniambia kwenye simu kwamba tangu baba afariki mama hajakanyaga kwako, na sasa haji hata kumwona mjukuu wake. Ngoja nikusimulie.

Mama amenunua redio ya gari, ile yenye kioo cha ramani, na ameifunga mwenyewe kwenye pikapu ya baba. Nilimkuta kalala chali chini ya dashibodi, plaizi mdomoni. Nilipomuuliza ile ya zamani ina ubaya gani, akaniambia nishike tochi niache umbea.

Basi ikawa kila akizima gari, redio inasahau kila kitu, hata anwani yako aliyonituma niiingize. Jirani yetu Wendell alicheka mpaka akakaa chini. Alisema mama ameunganisha rangi kwa rangi, njano kwa njano, nyekundu kwa nyekundu, kumbe kwenye pikapu ile zimepishana, kwa hiyo waya wa kutunza kumbukumbu unakatika umeme gari likizimwa. Akamtania: "Si karatasi ya maelekezo hiyo hapo, mama? Au umeigeuza ya kufutia mikono?" Mama akamwambia aende zake akanywe kahawa kwake.

Nyaya zikabadilishwa, redio ikakumbuka. Lakini mimi udadisi ulinizidi, maana ramani yenyewe haitazami kabisa. Anachotaka ni sauti tu. Alihamisha hata waya wa spika ili sauti itokee kwenye mlango wa dereva, akawa anazunguka mtaa akiijaribu: geuka kulia, geuka kushoto. Nikadhani macho yamekwisha, nikamsihi twende kwa daktari.

Hapo akazima gari, akalia. Marlys, mama hajui kusoma. Hajawahi kujua. Miaka yote baba ndiye aliyemsomea vibao vya barabarani, na sisi tukidhani baba anapenda tu kuamrisha. Mama aliogopa kupotea, na aliona aibu kutuambia. Roho iliniuma sana.

Anaondoka Alhamisi asubuhi. Nilitaka kumwendesha, akakataa katakata. Anasema anakwenda mwenyewe kwa mjukuu wake. Usimwonyeshe kwamba unajua. Ila redio itamfikisha mtaani tu, na nyumba za kwenu zote zinafanana. Mfunike mtoto vizuri, utoke usimame naye nje, mama awaone.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na umsalimie shemeji Dale.

Mdogo wako akupendaye,
Janelle