Siku Uliposimamisha Lori Mlimani

Mama Njeri,

Miezi minne imepita tangu tukuzike hapa Kiganjo, na bado nikimaliza chai ya asubuhi nageuka kukusimulia habari za barabarani. Basi nimeamua kukuandikia. Barua hii nitaiacha wazi mezani, wajukuu waisome wakitaka, kwa hiyo utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua. Nikianza kueleza ulikuwa ukimwambia Njeri, "Tafuta kiti, mwalimu ameingia darasani."

Kuna neno nililopaswa kukwambia tukiwa vijana, jioni moja mjini Thika, mbele ya watu. Badala yake nilisema lingine. Siwezi kulifikia neno hilo bila kupitia kwenye lile lori.

Lilikuwa lori la jeshi, lililouzwa baada ya vita. Tajiri wetu alilipaka rangi ya kijivu, lakini kila lilipochubuka, kijani cha jeshi kilitokeza chini yake. Nilibeba mawe ya kujengea kutoka kwari, yaani machimbo ya mawe, ng'ambo ya mto Ruiru, nikiyapeleka Thika, ambako viwanda vilikuwa vikijengwa. Safari tatu kwa siku, na kila safari ilipita daraja la Ruiru, halafu ule mlima.

Vijana wa leo hawajui gia za namna ile. Gari la siku hizi humsaidia dereva. Lile halikumsaidia mtu. Mlimani, mzigo ukianza kulivuta nyuma, ulipaswa kukanyaga klachi, utoe gia, uachie klachi, ukanyage mafuta kidogo ili injini ipande, ukanyage klachi tena, ndipo uingize gia ya chini. Yote hayo lori likiwa linapoteza mwendo. Ukiwahi, meno yanasagana. Ukichelewa, gia haiingii kabisa, na hapo huna gia wala mwendo, una tani nne za mawe zinazotaka kurudi mtoni. Ndiyo maana taniboi, msaidizi wa dereva, alisimama nyuma na kabari ya mti mkononi, tayari kuitupa chini ya gurudumu. Na ndiyo maana sheria ya kwanza ya madereva wote ilikuwa moja: lori lenye mzigo halisimamishwi mlimani.

Mzee aliyenifundisha alikuwa amejifunza vitani, huko Burma. Aliniambia, "Kati ya gia na gia kuna kimya. Kimya hicho kipime kwa neno. Chagua neno lako, lisiwe refu, lisiwe fupi, na usilibadilishe."

Nilichagua Wairimu.

Hukujua hilo. Hata baada ya kuzaliwa Njeri, na mimi kuanza kukuita Mama Njeri kama ilivyo desturi, kule ndani ya lori uliendelea kuwa Wairimu. Natoa gia, Wai-ri-mu, naingiza. Nililisema kwa midomo tu, kwa sababu taniboi angenicheka mpaka Thika.

Wewe ulikuwa ukichuma kahawa katika shamba lililopakana na barabara, pale pale mlimani, Njeri mgongoni. Uliniambia jioni ya kwanza, kabla hata sijavua viatu, "Leo ile safari ya pili umekwaruza." Nikashangaa. Ukasema, "Nina masikio." Tangu siku hiyo nikawa naendesha kama mwanafunzi anayejua mwalimu yuko dirishani. Wenzako walikutania. Nyina wa Kamau, aliyechuma mstari mmoja nawe, alikuwa akisema, "Haya, bwana yako huyo anakuita." Hakujua alivyokuwa karibu na ukweli.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakiwasaka Mau Mau. Wajukuu wameisoma vitabuni, lakini kitabu hakielezi jinsi karatasi ilivyoweza kuwa mtu na mtu akawa si kitu. Sisi Wakikuyu tulitakiwa kuwa na kitabu cha pasi kila tulipotoka. Bila pasi hukuwa na jina. Mimi pasi yangu nilianza kuiweka mfukoni mwa shati, ila kazi ya ile gia ilitoa jasho, na jasho likaanza kuula wino. Nikaihamishia kwenye kopo la majani ya chai, chini ya kiti cha lori. Nilijiona mwerevu. Ulinionya: "Baba Njeri, karatasi hiyo ikae na mwili wako, isikae na mwili wa lori." Nikakueleza habari za jasho na wino kwa muda mrefu, ukachoka ukaenda kuteka maji.

Asubuhi ile nilifika Thika na mzigo wa kwanza. Mawe yalipokuwa yakishushwa, nikavuka barabara kunywa chai. Kikombe hakijafika mdomoni, hoteli ikazingirwa na askari. Tulitolewa mikono kichwani, tukapelekwa kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge. Mwenye pasi alitengwa upande mmoja. Asiye nayo aliambiwa aketi chini, angoje malori ya jioni ya kwenda kizuizini.

Nilimwambia askari, "Pasi yangu iko kwenye lori, pale ng'ambo tu."

Akacheka. "Leo kila mtu pasi yake iko mahali pengine. Huyu yake iko kwa shangazi, yule yake imeliwa na mbuzi. Keti."

Niliketi. Kupitia seng'enge nikaona lori langu likiondoka. Tajiri alikuwa amemtuma Mutua, yule dereva Mkamba, alirudishe kwari. Mutua hakujua habari za kopo. Nilipiga kelele, lakini ni nani husikia kelele ndani ya lori lile? Nikalitazama likipotea na jina langu chini ya kiti.

Yaliyofuata sikuyaona. Mengine ulinieleza wewe kwa maneno machache, mengi nilielezwa na Mutua, ambaye aliyasimulia mpaka uzeeni.

Lori lilipoteremka tupu hukushtuka. Lori tupu halikwambii nani ameshika usukani. Mzigo ndio husema. Lakini liliporudi na mawe, likaanza kupanda, ukasikia gia ikitolewa, halafu kimya kirefu, halafu meno yakasagana. Nyina wa Kamau akasema, "Bwana yako leo amelewa?"

Ukasema, "Huyo si yeye."

"Si yeye vipi? Lori si lile lile?"

Ukamfungua Njeri mgongoni, ukampa. Kikapu ukakiacha pale chini ya mti wa kahawa, kahawa imemwagika, msimamizi anakuita. Ukashuka ukingo, ukasimama katikati ya barabara.

Mutua alipenda kusema hapa, "Niliona mwanamke, nikaona na mauti yangu." Alipiga breki. Lori likasimama, likaanza kuteleza nyuma, taniboi akatupa kabari, likashika. Mutua akatoa kichwa nje, akakutukana kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Ukangoja amalize.

"Baba Njeri yuko wapi?"

"Ameshikwa Thika. Mama, toka barabarani!"

Hukutoka. Ulipanda, ukamwambia ainuke, ukaingiza mkono chini ya kiti, ukatoa kopo. Ukalifungua uhakikishe. Kisha ukaketi, ukasema, "Twende."

"Twende na nini? Hili halitoki hapa! Nikiachia breki tutaogelea."

"Bwana yangu husema gia ya kwanza hutoa hata mlima wenyewe. Jaribu."

Likatoka, Mama Njeri. Likilia, likitetemeka, taniboi akitembea nyuma na kabari, lakini likatoka. Na pale juu, mlima unapolegea na dereva anapaswa kupandisha gia ya pili, Mutua alisema hakujua aitoe lini. Wewe ulikuwa umeshika mlango kwa mkono mmoja na kopo kwa mwingine. Ukamwambia, "Toa. Bado. Bado kidogo. Sasa!" Ikaingia bila hata kukohoa. Wewe ambaye hukuwahi kushika usukani maishani mwako.

Mlifika malori ya jioni yakiwa yameanza kujaa. Ukamwonyesha askari pasi, nikaitwa jina. Nilivuka lango nikakuona umesimama na vumbi la mawe usoni, leso yako imepotea, kopo kifuani. Mutua akanikimbilia akicheka kama aliyeponea chupuchupu. "Bibi yako huyu! Amenisimamisha mlimani, na mzigo!"

Na mimi, mbele ya Mutua na taniboi na askari, nikakugeukia nikasema, "Ni wazimu gani huu? Lori lenye mzigo halisimamishwi mlimani! Ungeua watu!"

Ulinitazama. Ukanipa kopo. Ukasema, "Haya. Siku nyingine nitaliacha lipite."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nyuma yetu malori yalikuwa yakifungwa milango. Fundi viatu aliyekuwa ameketi mbele yangu alirudi baada ya miaka, mkono wake hauwezi tena kushika nyundo. Aliyeketi nyuma yangu sikumwona tena. Mahali pangu palikuwa katikati yao.

Miaka yote hiyo sikuligusa jambo lile. Kwanza ilikuwa aibu ya kijana, halafu ikawa mazoea. Nilipoacha lori nikawa mwalimu wa ufundi, nilieleza gia kwa mamia ya vijana, na kila mara nilipofika kwenye ile sheria ya kwanza, sauti yangu ilipungua. Nawe hukunikumbusha hata siku moja. Nilidhani umesahau, mpaka mwaka jana hospitalini, muuguzi alipokuambia usishuke kitandani peke yako, ukanitazama ukasema, "Huyu naye anataka kunipigia kelele mlimani." Ukalala. Nilikuwa na nafasi pale pale. Nikakufunika blanketi.

Siku tuliyokuchukua Nairobi kukuleta nyumbani kuzikwa, nilikaa mbele, karibu na dereva. Alitaka kufuata barabara kubwa mpya. Nikamwomba aingie Ruiru, apite njia ya zamani, daraja la zamani. Tulipofika katikati ya mlima, nikamwambia asimame.

"Hapa, mzee? Mlimani? Kuna magari nyuma yetu."

"Simama tu, mwanangu."

Akasimama. Mashamba ya kahawa hayapo, ni maghorofa ya kupangisha na nguo zimeanikwa. Waliokuwa nyuma walipiga honi, kisha wakaona ni gari la maiti, wakanyamaza. Katika kimya kile nilikwambia asante. Nililisema kwa Kikuyu, taratibu, na nikakuomba msamaha. Kisha nikalitamka kwa sauti lile neno langu la kazini, kwa mara ya kwanza.

"Wairimu."

Dereva alidhani namwambia aende. Akaachia breki, tukapanda.

Ni mimi,
Baba Njeri