Jagwa ya Burale na Njogu Wetu

Umoja, Nairobi
20 Septemba 1981

Mpendwa mdogo wangu Warigia,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za huko ugenini Kitwe? Shemeji Wekulo hajambo? Watoto je? Kile kikohozi ulichoniandikia kimeisha, au bado unajitibu mwenyewe kwa tangawizi na ukaidi? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Waithera ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka akiwa amefunika mdomo. Mdogo wake anaendelea kukua na kunibishia. Mimi miguu huvimba jioni nikisimama sana dukani, lakini hilo lisikutie wasiwasi. Nakuandikia kwa Kiswahili ili shemeji naye asome, asije akasema tunamsengenya kwa Kikuyu.

Hapa ni vumbi tupu. Maji ya mfereji huja yakipenda, na mvua tunaiombea kanisani kila Jumapili.

Sasa tafuta kiti ukae, maana nina habari ya gari, na najua utacheka.

Unaikumbuka ile picha ya gari la Jagwa ambayo Bedan aliikata kwenye kalenda, akaibandika buchani kwake soko la Burma, juu ya mizani? Iko pale tangu kabla hatujaoana. Kila mteja mgeni huuliza kama nayo inauzwa kwa kilo. Bedan hucheka nao, kisha huipangusa kwa kitambaa chake maalumu, si kile cha meza ya nyama. Mwanamume mwingine angekwisha kuibandua zamani. Wangu ni mwingine, akipenda kitu amekipenda.

Basi Jagwa imekuja, na si picha. Burale, yule mfanyabiashara Msomali wa Kiamaiko anayemuuzia Bedan mbuzi, aliipata kwa Mhindi mmoja aliyehamia Kanada. Wiki mbili zilizopita alituletea hapa mlangoni, akashuka huku akijinyoosha mgongo.

“Hii gari iko na tumbo chini sana,” alimwambia Bedan. “Mbuzi haiingii. Mimi nikiingia, magoti inafika kidevu. Wewe napenda hii, mimi napenda pikapu yako. Tubadilishane, gari kwa gari. Kaa nayo mpaka Jumamosi, halafu unipe jibu.”

Warigia, lile gari ni zuri, nisikudanganye. Rangi yake ni kijani cha majani ya kahawa baada ya mvua. Viti ni vya ngozi nyekundu, na pale mbele ya dereva ni mbao tupu, zimepigwa polishi hadi unajiona uso. Juu ya boneti kuna chui mdogo wa chuma anaruka. Likiwashwa halipigi kelele. Linanguruma kwa chini, nawe unasikia kifuani kabla hujasikia masikioni. Bedan alituzungusha Outer Ring Road mimi na wasichana. Nilimtazama nikaona ni yule kijana aliyekuja kunichumbia, akiwa ameazima koti.

Hata hivyo nilikataa. Nilimwambia wazi kwamba buti ya gari lile inatosha mbuzi mmoja, tena awe amekonda. Na juu ya hayo, Njogu ataenda wapi?

Shemeji asichanganyikiwe: Njogu ni pikapu yetu, ile Pijo nyeupe. Sisi hatukujaliwa kijana wa kupewa jina la baba yake Bedan, kwa hiyo Mama mkwe alipoletewa gari kijijini Githunguri siku ya kwanza, alilipiga kofi la mapenzi kwenye mlango akasema huyu ndiye Njogu, marehemu mumewe amerudi. Tangu siku hiyo humwita mume wangu, kama vile nyanya wa kwetu anavyomwita mjukuu mwenye jina la mzee wake. Hakubali mtu mwingine akae mbele. Husema hawezi kutupwa nyuma na turubai hali mume wake yuko hapa. Na Njogu hajatuangusha: nyama, mahindi, maharusi, mgonjwa wa jirani, wote amewabeba.

Wiki ile magari yote mawili yalilala mbele ya nyumba. Bedan alikuwa akiyaosha yote sawasawa kila asubuhi, kama mwenye wake wawili anayeogopa maneno. Majirani walikuja kuangalia na kila mmoja akaacha shauri lake. Kufika Alhamisi mume wangu alikuwa hali vizuri. Nikaona heri tumwite Mama, kwa kuwa jambo la Njogu ni lake. Kuna mama wa Githunguri anayeniletea mboga; nikamtuma, “Mwambie Mama aje haraka. Bedan anataka kumtoa Njogu ampe Burale wa Kiamaiko.”

Sasa wewe fikiria maneno hayo yakifika kijijini.

Jumamosi asubuhi Mama aliingia na mkongojo wake, kitambaa kichwani kimekazwa, uso umefungwa. Chai alikataa. Kiti alikataa. Alisimama katikati ya nyumba akamwelekezea mwanawe kidole.

“Baba yako hatoki pale alipolala! Nimesema! Hata mkija na jembe, mtanichimba mimi kwanza. Na huyo Burale anataka mifupa ya mume wangu ya nini?”

Warigia, ndipo nilipong'amua. Kule wameelewa kwamba Bedan anauza kipande cha shamba chenye kaburi la mzee! Kabla sijapata pa kuanzia, Bedan alikuwa ameshainama, ameshika mikono ya mama yake yote miwili.

“Mama, ni gari. Ni pikapu tu tulikuwa tunasema. Mzee siwezi kumgusa. Lakini kama imekuumiza hivi, basi imekwisha. Narudisha hii ya Burale sasa hivi.”

Akachukua funguo za Jagwa mezani. Hakununa, wala hakupiga kitu teke. Aliitupia macho mara moja tu pale dirishani, akaelekea mlangoni. Miaka yote hiyo ya kupangusa picha, akaiacha kwa sekunde moja ili mama yake apumue. Nimeishi na huyu mtu, nimemfulia, nimegombana naye, na sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda akiwa ameshika kile kitasa.

Mimi niliyekuwa nikikataa wiki nzima ndiye niliyesema, “Bedan, rudi.”

Mama alinitazama, akamtazama mwanawe, kisha akaketi hatimaye na kuanza kucheka, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka. “Gari? Mmenitoa roho kwa ajili ya gari? Mimi nimetoka Githunguri nikiwa tayari kupigana na serikali!” Alipotulia akaomba chai. Alikunywa nusu kikombe ndipo akasema, “Njogu wangu yuko kule shambani, na hatoki. Huyu wa hapa ni wa kufurahisha moyo. Mwacheni asafiri. Mzee mwenyewe hakupenda kukaa mahali pamoja.”

Burale alipofika, Mama alikuwa amesimama kando ya pikapu, mkono juu ya boneti.

“Huyu anaitwa Njogu,” alimwambia. “Sitaki kusikia umemwita jina lingine.”

Nilidhani Burale atacheka. Hakucheka hata kidogo. Unajua watu wa kwao huhesabu mababu mpaka huko nyuma kabisa. Aliuliza kwa heshima, “Njogu mtoto ya nani?” Mama akamtajia baba, na babu, na baba wa babu, naye Burale akayarudia majina moja moja mpaka akayashika. “Sawa, mama. Hata Garissa nitaita yeye hivyo. Na nikileta mbuzi Burma, wewe kuja salimia yeye.”

“Na hii yako inaitwaje?” Mama akauliza.

“Hii? Jagwa.”

“Hilo ni kabila lake. Nauliza jina.”

Burale akafungua mikono. “Jina haina.” Mama akaizunguka Jagwa yote taratibu, akaja kusimama karibu na yule chui wa chuma. Akasema, “Wa kwanza alipewa jina la upande wetu. Wa pili hupewa la upande wa mama, ndivyo ilivyo. Mama Waithera, baba yako aliitwa nani?”

Anajua vizuri sana. Alikuwa kwenye mazishi yake. Alitaka mimi nitamke. Nikatamka, “Kinyanjui.”

Akaipiga kofi dogo. “Kinyanjui, karibu kwa mtoto wako.”

Mdogo wangu, sisi tulizaliwa wawili tu, bila kaka. Mimi nimezaa wasichana, na wewe huko kwa akina Wekulo majina yana njia zake. Tangu tumzike baba, jina lake halijaitwa nyumbani kwa mtu yeyote. Nililia pale nje mbele ya majirani na Msomali wa watu, nikilia kwa ajili ya gari, na sikuona haya.

Bedan sasa ana kazi. Baba mkwe ni baba mkwe: hawezi kuingia garini na viatu vichafu, hali mahindi ya kuchoma ndani, na jana gari lilipokataa kuwaka alilisemesha kwa adabu, “Tafadhali, mzee.” Mbuzi wanaletwa na Burale mwenyewe, na Njogu akipita Burma hupiga honi. Picha bado iko juu ya mizani. Nilipomuuliza kwa nini haitoi, alisema ameizoea.

Msalimie sana shemeji Wekulo, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama mkwe anakusalimu, na wasichana wanauliza zawadi zao. Mungu awalinde huko ugenini na awarudishe kwetu mkiwa na afya. Mkija, mtapokelewa uwanja wa ndege kwa viti vya ngozi.

Leo asubuhi nilikuwa nachelewa, natafuta kitambaa cha kanisani, na Bedan akaita kutoka nje, “Harakisha, Kinyanjui anakungoja!” Nami kabla sijafikiri nilijikuta nimeitika, “Naam, baba, nakuja,” kama nilivyokuwa nikiitika nikiwa msichana.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Teresiah wa Kinyanjui