Msimamizi wa Skola

Kaka Deo,

Skola wangu sasa hivi amekalia ungo wa mchele niliokuwa napepeta. Alisimama bila kushika kitu, akashangaa mwenyewe, akadondokea humo humo. Nimecheka, mama mkwe akauliza nacheka na nani. Huku ndivyo ilivyo.

Shikamoo kaka. Ni mimi mdogo wako Koleta. Ukienda Malangali kumwona mama, magoti yake yanaendeleaje? Sisi wazima, ila joto la Mtowisa bado sijalizoea.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu tunayo moja na shemeji anasoma kila kitu. Juzi kwenye TV walionyesha filamu ya watu wa kweli, siyo ya kuigiza. Wanaume wawili wa Ulaya, wazee kidogo, wanaomba wafungishwe ndoa kanisani kwao. Mmoja ndiye mpiga kinanda wa hapo. Padri anamwambia haiwezekani, halafu huyo huyo anampigia simu akapige kinanda kwenye harusi ya wengine. Na anaenda, kaka! Nililia, nikasingizia moshi.

Shemeji akasema, "Mama Skola, si kama kaka yako huyo? Kinanda anapiga, mke hana. Anasubiri padri amposee?" Wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Akasema, "Zima hiyo. Na msimamizi wa ubatizo atafutwe mwingine."

Niliizima. Hata mkeka niliokalia ni wa kwao. Lakini jina lako nilishampa katekista, na anasema wa kulibadilisha ni mimi au Baba Skola. Mama mkwe anamsukuma mwanawe kila jioni. Baba Skola anakula ugali wake, hasemi ndiyo wala hapana. Akiwa peke yake ni mtu mwema, mimi bado namtegemea.

Uje, kaka. Uje na barua ya paroko wako, ukiikosa ndiyo watapata sababu ya kukukataa. Wakikutania usiwajibu, wewe mbebe mtoto tu. Usipokuja, Skola atasimamiwa na shemeji.

Mama mpe shikamoo yangu, na shangazi yetu wa maandazi. Na Beni, unayekaa naye hapo Kizwite. Hili sijawahi kukuandikia: siku ile nilikuwa nawatazama wale wazee, nawaona ninyi. Mama mkwe ananiita, lori la mchele linaondoka na barua ndiyo inapanda nalo. Mwambie Beni kwamba kwangu mimi yeye ni