Makobo Waliobanikwa kwa Msonobari

Jumamosi, Oktoba inakwisha, 1974. Joto. Ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani, na mimi ninanuka.

Sinuki samaki. Harufu ya samaki ningeivumilia, nimezaliwa ndani yake, ng'ambo kule Pweto ya Kongo, kwa mama aliyebanika samaki mpaka macho yakawa mekundu ya kudumu. Ninanuka dawa ya kusugulia sakafu. Nimeoga, nimeoga tena, sabuni imeshindwa. Mto wa kulalia unanuka. Chai ilinuka.

Yote haya yameletwa na miti.

Nyumba hii tulipewa na serikali mume wangu alipopanda cheo. Zamani alikaa humu muzungu mmoja wa boma, akapanda misonobari minne mbele ya baraza, kisha akarudi kwao akaiacha kama mutu anayeacha mbwa. Ikakua. Ikapita paa, ikapita na adabu. Chini yake hapakuota kitu. Hata magugu, ambayo hayana aibu, yalikataa. Majani yake makavu, yale membamba kama sindano, yaliingia ndani ya unga, ndani ya viatu, ndani ya nepi za mutoto. Popo walilala juu na kutuachia zawadi zao kwenye shuka zilizoanikwa. Saa sita mchana tuliwasha taa. Tunakaa kando ya ziwa zima la Mweru, na tangu tuhamie humu sikuwahi kuliona kutoka dirishani mwangu.

Bashi Mwape aliipenda. Bashi Mwape ndiye mume wangu; upande huu wa ziwa mutu akishazaa, jina lake la zamani linawekwa kabatini, anaitwa baba wa fulani, na mimi Bana Mwape. Kila jioni aliweka kiti chake chini ya miti, mguu juu ya mguu, redio pembeni, popo juu ya kichwa.

“Ile njo miti ya heshima, Bana Mwape. Mutu akipita barabarani anajua hapa iko mukubwa.”

Nikajibu moyoni kwamba anajua hapa iko mavi ya popo.

Basi upepo wa mwezi uliopita ukavunja tawi, likapenya paa, likatua kitandani upande anaolalia yeye. Bahati nzuri alikuwa kazini. Alisimama mlangoni akaliangalia lile tawi lililolaza kichwa kwenye mto wake, na heshima ya miti ikaishia pale. Waunda mashua wawili kutoka Kashikishi wakaja na msumeno wao mrefu, na juma hili kwa mara ya kwanza ninaona jua likiingia jikoni bila kubisha hodi.

Ugomvi ulianza miti ilipolala chini. Kile kiwanja kiwe cha nani?

Yeye alitaka majani mafupi na maua, kama kwa mukubwa wake wa Kawambwa. Mimi nilitaka tanuru la samaki na muhogo pembeni. Nimekaa humu ndani nikinuka poda, na mikono yangu inaanza kusahau. Hilo ndilo linaloniogopesha, na daftari hili ndimo pekee ninamolisema. Mama hakuniachia nguo wala sahani. Aliniachia kazi ya moto.

“Muke wa ofisi hawezi kunuka samaki,” akasema. Akalisema mbele ya dada yake mkubwa, aliyetutembelea kutoka Mwansabombwe. Hapo alikosea, kwa sababu neno analolisema mbele ya dada yake hawezi kulimeza tena. Kwao dada mkubwa ni mahakama. Dada akamtazama mpaka akalegea.

“Bon,” akasema, yaani haya, neno la kwetu alilolizoea. “Jumamosi Mama Fele anakuja na mashua. Kama ananunua samaki yako, kiwanja ni yako. Kama anaikataa, mi napanda majani, na hatusemi tena.”

Mama Fele ni mfanyabiashara kutoka Kongo, na bandari yote ya Kashikishi inamtegea macho. Hapimi samaki kwa kumtazama. Anamvunja tumboni, ananusa, anatafuna. Akimeza, umepata kazi. Akitema, wote wameona, na siku hiyo hata paka hakusogelei.

Jana nikachimba shimo kati ya visiki, nikafunga chanja la fito mbichi, nikawapanga makobo wangu, samaki wanono wa ziwa hili, nimewapasua mgongoni kama mama alivyofanya. Kuni ngumu za porini, moto wa polepole. Mchana nikaitwa kanisani kwa akina mama. Nikamwambia Bashi Mwape achunge moto tu, asiuguse.

Akaugusa.

Nilirudi nikamkuta amekunja mikono ya shati la ofisi, machozi yanamtoka, anacheka kwa furaha. Chini ya samaki wangu, magogo ya msonobari. Utomvu unachemka na kutema cheche, moshi mweusi, mzito, wenye mafuta, umewakumbatia makobo wangu mpaka wanang'aa kama viatu vya askari.

“Moto yako ilikuwa mudogo sana, nimekusaidia! Kuni iko hapa hapa, unatafuta nini tena porini?”

Mutu gani amezaliwa kando ya ziwa hili hajui kwamba si kila muti unabanika samaki? Mutu aliyekulia shule ya bweni, akala samaki kwenye sahani, akadhani wanatoka ziwani wakiwa tayari wamekauka. Na sisi wengine tunajua miti ya porini yote, uchungu wake na utamu wake, lakini huu wa muzungu nani aliwahi kuuweka motoni? Hata majirani walisimama kwenye uzio wakisifu, “Eh, unawaka huo!” Nikaenda nyuma ya nyumba nikatema mate kama mwenye mimba.

Leo nikawapeleka samaki bandarini hivyo hivyo. Niliwafuta kwa kitambaa na mafuta kidogo, ndiyo, ninakiri, nikawalaza upande ulio mwekundu zaidi juu. Mama Fele hakudanganyika kwa mafuta.

“Weye njo bibi ya ofisi? Lete.”

Akavunja. Akanusa. Akanitazama, akanusa tena kama mutu asiyeamini pua yake. Akatafuna. Kisha akatema ziwani, akateka maji, akasukutua, akatema tena.

“Mama, hii samaki ilikufa na ndoano ao na dawa?”

Akina mama wote wakaanguka chini kwa kicheko. Mmoja akapiga kelele, “Mupeleke huyo samaki hospitali, wapanguse naye sakafu!”

Lakini Mama Fele alimwokota mwingine, akapitisha kidole gumba pale nilipompasua. “Mukono huu unajua kazi. Moto njo ilikosa. Nani alikuwa kwa moto?”

Nikaanza kuwarudisha samaki kwenye beseni. Muke hamwaniki mumewe bandarini.

“Aa,” akasema Mama Fele. “Bwana.” Na kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza.

Nimerudi na beseni kichwani, nikapika bukari, ugali wa kwetu, laini, nikamwekea Bashi Mwape makobo wawili wakubwa kwenye sahani ya wageni. Dada yake alikuwa mezani akingoja habari. Harufu ilipomfikia, alivuta kiti nyuma taratibu.

Bashi Mwape alikula. Nilimtazama akila. Shingo ilikuwa inakataa, yeye anailazimisha.

“Namna gani?” dada akauliza.

Mume wangu akanitazama, akatazama visiki nje. “Bon... iko muzuri.”

“Muzuri kabisa?” mimi nikauliza, kwa adabu zote.

“Muzuri.”

“Basi Mama Fele amekosea kuikataa, na kiwanja ni yangu. Ao ni mubaya? Kama ni mubaya, tumuambie dada ni nani aliweka kuni.”

Sindano moja ya msonobari ilikuwa imekwama kwenye ndevu zake. Dada akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitetemeka.

“Mupe muke wako kiwanja,” akasema alipoweza kusema. “Na umalize chakula, chakula hakitupwi.”

Sasa ninaandika dirishani, na ziwa ninaliona. Kuna kitu kinanisumbua: alijua? Aliharibu kusudi ili apate majani yake? Ninaukumbuka uso wake pale kwenye moshi, furaha ile ya mutoto aliyemsaidia mama yake. Mutu mwenye hila hacheki hivyo. Nafikiri. Sijui kipi kinichukize zaidi, mume mjanja au mume mwema kiasi hicho.

Kesho baada ya ibada ninachimba tanuru pale pale kiti chake kilipokuwa. Muhogo utazunguka visiki, mvua haiko mbali. Na Jumamosi ijayo Mama Fele atavunja samaki wangu tena, nikiwa nimekaa na moto mwenyewe.

Makobo bado wamejaa sufuria. Asubuhi nitampashia Bashi Mwape moto, kwa kuwa amesema ni wazuri.